Baiskeli ya kwanza ya resi kwa laki tano: nilivyokosea, nilivyopatia

Tairi liligoma kuingia. Fundi wangu pale Mtoni, Dar es Salaam, alikuwa amelipigia goti, vijiko viwili vya kubandulia tairi mkononi, jasho linamtiririka. Upande huu ukiingia, upande ule unachomoka. Mara ya tatu akaliweka pembeni, akaifuta rimu kwa kitambaa, akaisoma kwa kidole taratibu kama mtu anayesoma barua ya posa.

"Dada, umeleta tairi la mia saba. Hii rimu ni ishirini na saba."

"Si aliniambia yanaingiliana?"

"Nani?"

"Aliyeniuzia."

Hakunijibu. Aliendelea kufuta mikono.

Hiyo ndiyo iliyokuwa baiskeli yangu ya kwanza ya resi, zile za usukani uliokunjwa kama pembe za kondoo. Niliinunua 280,000, baada ya miezi miwili nikaiuza 170,000, na katika miezi yote hiyo niliipanda mara nne. Ya pili ndiyo ninayo mpaka leo. Jumapili alfajiri natoka nayo Mtoni, napita daraja la Kigamboni, naelekea Kibada hadi Mjimwema, na jua likianza kuwaka nimeshageuza. Kazi yangu ni duka la dawa. Baiskeli naiegesha mlangoni, na tangu mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yafanyike Kigali Septemba 2025, ya kwanza ya aina hiyo kufanyika Afrika, kuna wateja wanaokuja kuchukua Panadol huku wanauliza na wao waanzie wapi. Ninachowaambia ndicho hiki. Ni kwa mtu mwenye laki tano, hana ya sita.

Laki tano siyo bei ya baiskeli

Ukienda na laki tano ukanunua baiskeli ya laki tano, umenunua baiskeli ya kuegesha. Ya mtumba inakuwa imekaa uani kwa mtu huko ilikotoka, ikakaa kwenye kontena, ikaja kukaa tena juani kwa muuzaji. Matairi yamekauka na kupasuka nyufa ndogondogo, kebo zimeshika kutu ndani ya mipira yake, raba za breki zimekuwa ngumu kama kisigino. Hivyo vyote utabadilisha, hata kama aliyekuuzia ameapa kwamba haijatembea.

Mimi ninagawa hivi: laki tatu na kidogo ya baiskeli, iliyobaki haitoki mfukoni siku hiyo. Iache nyumbani kabisa. Hela iliyopo mfukoni ina tabia ya kusikia bei.

Na kama uliyonayo yote haifiki laki mbili, ushauri wangu unabadilika: tafuta ile ya usukani ulionyooka lakini yenye magurudumu membamba. Kwenye mizigo ya Japani zipo nyingi. Si ya resi, lakini inakimbia, vipuri vyake vya magurudumu ni vilevile, na vijana hawaigombanii.

Pima mguu wako kabla hujaiona baiskeli

Vua viatu, simama umeupa ukuta mgongo, chukua kitabu chenye jalada gumu, kipandishe katikati ya mapaja mpaka kikubane pale siti itakapokaa. Weka alama ya penseli ukutani usawa wa juu ya kitabu, kisha pima kutoka sakafuni. Mimi nina urefu wa sentimita 158 na mguu wangu ni 73. Zidisha kwa 0.67. Yangu inakuja 49 kasoro kidogo, na hiyo ndiyo fremu yangu: kutoka katikati ya pale krenki (mikono inayoshika pedali) inapozunguka, kupanda na bomba la siti, hadi katikati ya bomba la juu.

Ile ya kwanza ilikuwa 56. Muuzaji aliniambia, "Sista, siti inashuka hii." Ni kweli ilishuka. Ambacho hakikushuka ni urefu wa kwenda mbele. Nilikuwa nausogelea usukani kama mtu anayeanika shuka kwenye kamba iliyo juu mno, na baada ya nusu saa vidole vinakufa ganzi, shingo inawaka. Muuza dawa za maumivu nikawa mteja wa dukani kwangu mwenyewe.

Kwa hiyo kipimo cha pili ndicho muhimu zaidi, hasa kwa fremu za siku hizi ambazo bomba la juu linateremka kuelekea nyuma, maana hizo saizi yake iliyoandikwa inaweza kukupoteza. Shika futi ya fundi cherehani iwe sambamba na ardhi, kutoka katikati ya bomba la usukani hadi katikati ya bomba la siti. Kwangu mimi inatakiwa ianguke kwenye 51 au 52. Fremu ikizidi sentimita moja, unaweza kufunga shingo fupi ya usukani na maisha yakaendelea. Ikizidi nne, iache, hata ikiwa inang'aa namna gani.

Wenzangu wafupi, na hasa akina dada: kwa zile nilizopima mimi, zenye stika za maduka ya Japani ndizo zilizonipa 46, 48, 50. Za Ulaya nyingi zilianzia 54. Usione aibu kusubiri kontena lingine.

Namba moja: 622

Sasa turudi kwenye tairi lililogoma. Majina ya saizi za matairi ni ya kubabaisha. Usiyasikilize. Angalia ubavuni mwa tairi, kuna namba mbili zilizounganishwa kwa kistari, mfano 25-622. Ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha pale tairi linapokalia rimu, na hiyo ndiyo haidanganyi.

Tairi la resi la kawaida, lile la 700C, ni 622. Resi za zamani zinazoitwa 27 ni 630. Milimita nane tu, lakini ndizo zilizomtoa fundi wangu jasho. Baiskeli ya Phoenix yenye 28 kwa inchi moja na nusu ni 635. Za milimani za 26 ni 559. Halafu kuna vituko: za milimani zinazoitwa 29 ni 622, sawasawa na resi, na zipo baiskeli za mjini za Ulaya zilizoandikwa 28 ambazo nazo ni 622, hazina uhusiano wowote na 28 ya Phoenix. Mtu akikwambia "hii ni ishirini na nane, matairi yake yapo kila kona," mwombe muiname muisome pamoja.

Ishirini na saba nazo zina namna yake: baiskeli za kina mama za Japani, zile za kapu mbele, nyingi zina matairi ya 37-630, yanaingia kwenye rimu bila shida. Shida inakuja kwenye fremu ya resi, mara nyingi haina nafasi ya tairi pana hivyo. Nilijaribu. Lilikuwa linasugua foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele.

Basi kwa mtu anayeanza, chukua yenye 622 na usijadiliane. Ukiwa hapo ingiza kidole kati ya tairi na fremu, chini ya breki na nyuma ya krenki. Kama kidole kinapita, huenda ukaweza kuvaa 28 badala ya 23 au 25. Kwa barabara zetu za pembeni, tairi la 28 ni rafiki.

Jambo dogo: mdomo wa tyubu za resi mara nyingi ni ule mwembamba wenye kinati juu. Kinati kinalegezwa kwanza ndipo unajaza. Pampu ya kijiweni haiushiki, kwa hiyo nunua kile kikofia cha shaba cha kuunganishia. Changu nilinunua shilingi 2,000, nacho kinakaa kwenye mkufu wa funguo.

Ukifika kwa muuzaji

Kununua ya pili nilikwenda na fundi, nikampa elfu kumi ya asubuhi yake. Kwenye mkoba nilibeba rula ya shule, sumaku niliyoing'oa kwenye spika mbovu, elenki ya 5, kitambaa na simu yenye tochi.

Sumaku kwanza. Ikinasa kwenye fremu, hiyo ni chuma. Isiponasa, aluminiamu au kaboni. Kwa bajeti hii kaboni niliiruka kabisa, kwa sababu inaweza kuwa imeumia ndani huku rangi juu iko salama, na muuzaji mwenyewe hajui. Chuma nakipenda, kinapanda barabara mbaya vizuri na fundi wa kuchomelea anakielewa, lakini Dar hewa ya chumvi haina huruma. Chomoa bomba la siti, mulika ndani kwa tochi. Kutu ya juujuu isikutishe. Magamba yanayodondoka ukigonga, ondoka.

Na hilo bomba la siti lazima lichomoke. Legeza nati kwa elenki, shika siti, zungusha kulia na kushoto. Bomba la aluminiamu likikaa miaka ndani ya fremu ya chuma bila grisi vinashikana kana kwamba vimechomelewa. Niliwahi kuona vijana wawili wakiikalia fremu mmoja huku, mmoja kule, wanavuta. Muuzaji atasema "fundi wako atalitoa." Mwambie alitoe yeye, wewe unasubiri.

Futa uchafu chini ya bomba linaloshuka, pale linapokutana na bomba la usukani, kisha pitisha ukucha taratibu. Baiskeli iliyogonga ukuta kwa mbele inaacha mkunjo hapo. Rangi inakuwa kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Ukucha unausikia hata kama jicho limepitwa. Ukiusikia, aga.

Kisha cheni, na hapa ndipo nilipochekwa. Rula ya sentimita 30 ina upande wa inchi 12. Weka sifuri katikati ya pini moja ya cheni, inyooshe, angalia pale kwenye 12. Cheni nzima, pini inakaa hapohapo katikati ya mstari. Ikiwa imepita kwa moja ya kumi na sita ya inchi, yaani milimita moja na nusu hivi, cheni imekwisha. Ikipita moja ya nane, milimita tatu, basi imeshakula na meno ya nyuma, na ukifunga cheni mpya juu ya meno yale itaruka ukikanyaga kwa nguvu.

"Dada unapima nguo?" kijana mmoja akauliza, wenzake wakaangua kicheko.

"Napima mfuko wangu," nikamjibu.

Ilipita moja ya kumi na sita. Cheni tu. Nikaandika kwenye simu.

Mengine yanakwenda haraka. Inua gurudumu, lizungushe, tazama nafasi kati ya rimu na raba ya breki: ikipishana kidogo, fundi anainyoosha kwa kukaza spoki, ikiwa imepiga nane kabisa, hesabu rimu mpya. Pitisha kidole pale raba zinapouma rimu. Pakiwa pameingia ndani kama kijiko, rimu imelika na inaweza kupasuka siku ukiijaza upepo. Kamata breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma, ukisikia kugongagonga shingoni ni vikombe vya usukani vimelegea. Inua mbele, geuza usukani pole pole: ukishika katikati kama umeingia kwenye kishimo, golori zimechimba vikombe. Shika krenki zote mbili uzitikise kwa pembeni, zisicheze. Kulegea kunakotibika kwa kukaza ni kitu kidogo, kunakodai kubadilisha ni hela.

Gia: hesabu meno ya nyuma ni ngazi ngapi. Mimi nataka saba au nane. Kwenye gia za Shimano za barabarani, Claris ni nane, Sora za karibuni tisa, Tiagra za karibuni kumi, na 105 inabadilika kufuatana na miaka. Wauzaji wanapandisha bei kadiri ngazi zinavyoongezeka, na wanaoanza wanafurahi kulipa. Lakini cheni ya ngazi saba na nane ni moja, ni nene, inavumilia vumbi, na ukikwama ni rahisi kuipata. Cheni ya ngazi kumi na moja ni nyembamba na ghali, na kebo ikilegea kidogo tu gia zinaanza kulalamika. Bonyeza kila gia huku mtu ameinua nyuma, kwenda na kurudi. Gia zilizo ndani ya mikono ya breki zikiwa zinabonyea bila kushika, mara nyingine ni grisi ya kale iliyoganda na dawa ya kunyunyizia inazifufua, lakini usilipie matumaini. Lipia kama mbovu.

Jina la kampuni kwenye bomba? Nililiangalia mwisho. Stika haina saizi yako.

Bei na karatasi

Muuzaji wa hii ya pili alianza laki nne na nusu. Sikuibeza baiskeli yake, kwa sababu mtu ukimtukania mzigo anakuwa mkaidi, na yeye naye anatafuta riziki. Nilimfungulia simu nikamsomea: cheni, matairi mawili, tyubu mbili, kebo na raba, kila kimoja na bei yake. Bei hizo nilikuwa nimeziulizia Kariakoo siku moja kabla, dukani kwa mtu, siyo za kubuni. Fundi wangu alikaa kimya akizungusha gurudumu la nyuma, kazi hiyo anaifanya vizuri sana. Tukafika 310,000.

Kabla ya kutoa hela, pindua baiskeli. Chini ya krenki kwa kawaida kuna namba imegongwa kwenye fremu. Kama imekwanguliwa, achana nayo, usije kuamshwa usiku na mwenye mali. Kama ipo, andikishaneni: namba hiyo, rangi, bei, majina na namba za kitambulisho cha taifa (NIDA) za wote wawili, sahihi. Anayeuza dukani akupe risiti. Anayeuza nyumbani kwake, pelekaneni kwa mjumbe wa mtaa. Mwuzaji wa kweli hakasiriki. Aliyeniuzia ya kwanza alikuwa na haraka ya kuwahi basi.

Wiki ya kwanza

Hesabu yangu ilikwenda hivi: matairi mawili 70,000, tyubu mbili 16,000, cheni 25,000, kebo na raba za breki 20,000, ufundi 15,000. Jumla 146,000. Ile elfu kumi ya asubuhi ya fundi na kikofia cha 2,000 sikuzihesabu humu. Ukijumlisha na 310,000 ya baiskeli inakuwa 456,000. Kofia ngumu 35,000, mpya, kwa sababu ya mtumba huwezi kujua imeshaokoa kichwa cha nani. Ikabaki elfu tisa. Elfu tano taa nyekundu ya nyuma, na elfu nne chipsi mayai ya mimi na fundi, tuligawana.

Mwambie fundi apake grisi kwenye bomba la siti na kwenye nyuzi za pedali kabla ya kufunga. Pedali ya kushoto inafungwa kinyume, wengi wanaiharibu hapo. Urefu wa siti zidisha mguu wako kwa 0.883; wangu unatoa 64 na nusu, kutoka katikati ya krenki mpaka juu ya siti. Anza hapo, kisha panda au shuka milimita tano tano mpaka magoti yanyamaze. Upepo: mimi nina kilo 62 na matairi ya 25, najaza 80 (psi) kwenye kipimo cha gereji. Ukijaza mpaka likawa jiwe, kila kokoto ya barabarani utaisimulia mgongoni.

Baada ya kama kilomita mia moja rudi kwa fundi akaze krenki, shingo na spoki. Kebo mpya nazo zinavutika, gia zitaanza kuchelewa. Ni robo mzunguko wa kile kinati cha kebo nyuma, usikubali kuuziwa kitu.

Ile ya kwanza ilichukuliwa na kijana wa mtaani kwetu, mrefu kama mnazi, fremu ya 56 inamkaa utadhani alishonewa. Alitafuta rimu za mtumba za 622, akazishusha raba za breki milimita nne ili ziume mahali pake. Breki zile zilikuwa na nafasi ya kushuka, na mimi sikuwahi hata kufikiria kuangalia. Jumapili huwa ananipita darajani, amelala kwenye usukani, na anageuka kwa makusudi kunipigia kelele:

"Dada, tairi za mia saba hizi!"